Mteja ameunganisha dizaini zetu tatu kuwa moja. Timu inapaswa kupeleka ngapi, na nani aongee?

Penseli_Kali (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za kazi. Naombeni mawazo ya waliokwisha kupita njia hii.

Tuko wanne kwenye timu: wabunifu wawili wa michoro, mmoja wa tovuti, na mimi ninayesimamia ratiba na mawasiliano na mteja. Kazi tuliyopewa ni utambulisho mpya wa kliniki ya macho: nembo, vibao vya kuwaelekeza wagonjwa ndani ya jengo, kadi ya miadi, na ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Ni kazi nzuri na wote tunaipenda, ndiyo maana jambo hili linatuuma.

Kila mbunifu alitengeneza dizaini yake. Tulikaa kujadili, hatukukubaliana ipi iende, basi tukazipeleka zote tatu. Ya kwanza ina mstari mwembamba uliopinda mfano wa kope. Ya pili ni duara la samawati linalofifia kuelekea katikati. Ya tatu haina mchoro wowote, ni jina la kliniki tu kwa herufi nene. Kila mmoja alisimama akaitetea ya kwake. Upande wa mteja walikuwepo mkurugenzi, daktari mkuu na mhasibu. Walitusikiliza kwa utulivu, wakanong'onezana, kisha mkurugenzi akatamka: zote nzuri, tuwekeeni kope ya kwanza, rangi ya pili na herufi za tatu.

Tumejaribu kuunganisha. Kope inamezwa na zile herufi nene. Rangi inayofifia inazila herufi kingo zake, wakati ukali wa kingo ndio uliowafanya wazipende. Sasa timu imegawanyika: mmoja anasema tumpe mteja alichoomba tumalize, mwingine hataki jina lake lihusishwe na kitu hicho, wa tatu kanyamaza na ukimya wake unanisumbua kuliko maneno ya hao wawili.

Tuna kikao kingine na mteja karibuni. Nauliza: tupeleke ngapi? Nani aongee? Na timu inachaguaje moja bila mtu kubaki na kinyongo? Naomba kuwasilisha.

---

MstariMmoja

Peleka moja. Ukipeleka tatu umemwambia mteja kwamba hata ninyi hamjui jibu.

Mwaka 1986 Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alimtafuta mbunifu wa Marekani Paul Rand amchoree nembo ya kampuni yake mpya ya kompyuta, NeXT. Jobs akaomba apewe chaguzi kadhaa. Rand akakataa: nitakutatulia tatizo lako, utanilipa, kuitumia au kutoitumia ni hiari yako, ukitaka chaguzi nyingi nenda kwa wengine. Alipeleka nembo moja, mchemraba ulioinama, ikatumika. Huo ndio msimamo wa mtu anayeijua kazi yake.

---

Bi_Wino

Penseli, mdogo wangu, pole na hongera pia, maana umeuliza kabla kikao cha pili hakijafika.

Iwe ni timu ninayoiongoza sasa au niliyoiongoza zamani, naliona jambo hili hili likirudi, kwa hiyo nitaandika kirefu. Nianze na alichosema MstariMmoja, kwa sababu kisa cha Rand ni cha kweli ila kinasimuliwa nusu. Wakati ule Rand alikuwa ameshachora nembo za kampuni kubwa za Marekani: IBM ya mwaka 1956, Westinghouse ya 1960, UPS ya 1961 na ABC ya 1962. Jobs alimtafuta akiijua kazi hiyo yote. Msimamo wake ulikuwa na mgongo wa kuuegemea, na timu changa ikiuiga bila mgongo huo itaonekana ina kiburi. Na sehemu inayoachwa kila mara ni kwamba Rand hakuja na mchoro mtupu. Alikuja na kijitabu kilichomtembeza Jobs hatua kwa hatua: jina lenyewe likiandikwa kwa herufi kubwa zote linasomekaje, herufi ya e ikiwa ndogo inabadilisha nini, kwa nini mchemraba, kwa nini uinamishwe. Jobs alipofika ukurasa wa mwisho, nembo ilikuwa imeshajieleza. Kijitabu hicho ndicho ningependa timu yako ikiige, kabla hata hatujabishana kuhusu moja au tatu.

Kwa maana hiyo mteja wako hana kosa. Mlimpelekea ubishi ambao ninyi wenyewe hamkuumaliza, naye akaumaliza kwa njia ambayo mtu yeyote mwenye adabu angeitumia: kila mbunifu kapewa kipande. Ameamua baina ya watu watatu waliosimama mbele yake, wala hakuamua baina ya dizaini tatu. Kama kila dizaini ina mwenyewe aliyeishika mkononi, kuikataa moja ni kumkataa mtu, na wakurugenzi wengi hawapendi kufanya hivyo hadharani.

Kwa hiyo nakuomba urudi nyuma mpaka pale timu inapoanza kufikiri.

Kuna mazoea ya kukusanyana mezani siku ya kwanza, kila mtu akirusha wazo. Aliyeyaeneza ni Alex Osborn, mtu wa matangazo wa Marekani, miaka ya 1940 na 1950, naye aliamini kwamba mtu akiwa ndani ya kundi hutoa mawazo mengi kuliko akiwa peke yake. Watafiti wa chuo kikuu cha Yale wakalipima hilo mwaka 1958: makundi ya watu wanne waliokaa pamoja, yakilinganishwa na watu wanne waliofanya kazi kila mmoja peke yake kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliokuwa peke yao walitoa mawazo mengi zaidi, karibu mara mbili. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaeleza sababu kubwa: kwenye kundi anaongea mmoja kwa wakati, na wengine wakisubiri zamu wanasahau, au wanaona wazo lao halina tena nafasi. Mkiwa wanne mezani, watatu wamezibwa midomo kila dakika. Huyo mwenzako aliyenyamaza huenda amezibwa tangu siku ya kwanza, si leo.

Mimi huwapa watu muda wa kuchora peke yao, kimya, kwa mkono, bila kompyuta. Kalamu nene, karatasi ndogo. Kalamu nene inasaidia kwa sababu haikupi nafasi ya kuremba, wazo linabaki uchi. Kisha michoro yote inabandikwa ukutani bila majina na tunaisoma tukiwa tumesimama. Nani kachora nini hatuulizi. Na hatupigi kura ya kipi unakipenda. Hilo nalikataza kwa nguvu zote, maana kura ya kupenda humpa ushindi mwenye marafiki wengi mle ndani.

Badala ya kura tuna maswali yaliyoandikwa mapema, na yameandikwa pamoja na mteja. Hapa ndipo naona pengo kwenye maelezo yako, sijaona popote mlipokaa na kliniki mkakubaliana dizaini itapimwa kwa nini. Nikiangalia kazi yenyewe, kliniki ya macho ina mtihani ambao hata benki haina. Mgonjwa anatiwa matone ya kupanua mboni, anatoka chumbani mwanga unamchoma, vya karibu vinamtia ukungu, na inabaki hivyo kwa saa kadhaa. Huyo ndiye anayetafuta kibao cha kutokea. Huyo huyo anapewa kadi ya miadi mkononi na anatakiwa asome tarehe. Sasa chukua dizaini zenu tatu muulizane: ataiona ipi? Kwenye tovuti kuna kipimo kabisa: kanuni za kimataifa za WCAG, za kuhakikisha tovuti inatumika hata na wenye ulemavu, zinataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Ile samawati inayofifia, ipimeni mwanzo wa duara na mwisho wake. Naamini mwisho wake utaanguka.

Unaona kinachotokea? Hakuna aliyesema dizaini ya fulani mbaya. Aliyeikataa ni mgonjwa aliyetoka kutiwa matone. Mwenye duara anaweza kuikubali sababu hiyo bila kudhalilika, tena mara nyingi ndiye wa kwanza kusema basi duara tuliweke sehemu nyingine, pengine kwenye karatasi za watoto, au kwenye ukuta wa mapokezi ambako hakuna cha kusoma.

Mkishachagua mwelekeo, mchoro unaacha kuwa wa mtu. Huwa naubadilishia mikono makusudi: aliyechora wazo anakabidhi kwa mwenzake aendeleze vibao, yeye anachukua kadi. Baada ya hapo hakuna anayeweza kusema ya kwangu na akawa anasema kweli.

Kikao chenyewe. Aongee mmoja sehemu kubwa, na awe yule anayeielewa sababu vizuri zaidi, hata kama mkono wake haukuchora mstari wa kwanza. Mwingine aandike kila neno la mteja, kazi yake ni hiyo tu. Slaidi ya kwanza iwe maneno ya mteja mwenyewe, yale mliyokubaliana kuhusu tatizo lao. Nembo isitokee peke yake katikati ya ukurasa mweupe, pale kila mtu ataona alichoota usiku. Itokee mahali pake pa kazi: juu ya mlango ikionekana kutoka upande wa pili wa barabara, kwenye kibao cha kutokea, kwenye kadi iliyoshikwa na mkono, kwenye simu ikiwa na upana wa pikseli 16. Ionyesheni nyeusi na nyeupe kwanza. Rangi ikitangulia mtajadili rangi mpaka muda uishe. Na ukishaonyesha, nyamaza. Hapo vijana wengi wanashindwa, wanaogopa ukimya wanaanza kujieleza upya, na mteja ambaye alikuwa bado anatazama anapata picha kwamba kuna kitu kinaombewa radhi.

Akisema tena tuchanganye, msimkatalie na msimkubalie pale pale. Mwulizeni: ile kope ilikuwa inakupa nini? Pengine atasema ilionekana ya upole, haikumtisha mgonjwa. Sasa mmepata kitu cha kufanyia kazi. Upole unaweza kuingia kwenye kona za herufi zikiviringwa kidogo, bila kope. Mteja anajua anachokihitaji, namna ya kukichora ni kazi yenu.

---

Neno_Kwanza

Naunga mkono karibu yote ya Bi Wino. Mimi ni mwandishi wa maneno kwenye timu kama hizi, na naona Penseli hukumtaja mwandishi hata mmoja. Vibao ni maneno. Kadi ni maneno. Bill Bernbach na wenzake walipoanzisha kampuni ya matangazo ya Doyle Dane Bernbach huko Marekani mwaka 1949 waliwakalisha mwandishi na mchoraji meza moja, wakati kwingine mwandishi alikuwa anamaliza maneno kisha yanapelekwa chumba cha wachoraji. Tangazo la Volkswagen la mwaka 1959, gari dogo kwenye ukurasa mkubwa mtupu, lilitoka kwa wawili kama hao, Julian Koenig akiandika na Helmut Krone akipanga ukurasa. Huwezi kulitenga neno na ule weupe ukabaki na kitu.

Kwa wasilisho, futeni sentensi zote zinazoanza na "tulipenda", "tulihisi", "ni ya kisasa". Mteja hawezi kupima hisia zenu, kwa hiyo atajibu kwa hisia zake, na hapo mmekuwa sawa kwa sawa na yeye ndiye mwenye hela. Kila kipande kiwe na sentensi moja inayosema kinamfanyia nini mgonjwa au mfanyakazi wa mapokezi. Ukishindwa kuiandika, kipande hicho kiondoke.

Ninapotofautiana: dizaini mbili si dhambi, ikiwa zinajibu maswali mawili tofauti. Kama mteja hajaamua anataka kuonekana hospitali ya kitaalamu au jirani wa kwenda kumwona bila woga, mwonyesheni njia mbili zenye sura tofauti kabisa, ambazo haziwezi kuchanganywa hata akitaka. Tatu zenye kufanana ndizo zinazoleta mchanganyiko.

---

Upande_wa_Pili

Samahanini wabunifu, mimi ni wa upande wa wateja. Nimekaa kwenye vikao hivi nikiwa mnunuzi wa kazi zenu, na nadhani kuna kitu hamkioni kutoka huko mliko.

Mkitoka chumbani, kikao chetu ndiyo kinaanza. Mimi natakiwa nipande ngazi nikaieleze dizaini yenu kwa watu ambao hawakuwepo, bodi, wafadhili, wakuu wa idara. Nabaki na picha tu kwenye simu yangu na maneno yenu yametoweka. Akiuliza mtu mmoja kwa nini siyo kijani, sina jibu, basi nawarudia ninyi kuomba kijani. Wabunifu walionisaidia kweli waliniachia karatasi moja: tatizo, vigezo tulivyokubaliana, dizaini, na sababu nne tano kwa lugha ninayoweza kuisema mimi mwenyewe. Nikaitetea kama yangu.

Jambo la pili: mhasibu aliyekuwepo kwenye kikao chenu, mlimwambia nini? Yule hakuja kuangalia kope. Alikuja kujua vibao vyote vikibadilishwa vitagharimu kiasi gani na kama vinaweza kubadilishwa kwa awamu. Mkimpa hilo mapema, hana sababu ya kuchangia kwenye rangi. Daktari mkuu naye ana swali lake. Kabla ya kikao ulizeni nani mwenye neno la mwisho na kila mmoja anahofia nini. Watu waliokosa jibu la hofu zao ndio wanaoanza kubuni.

Mwisho, mnaojadili Rand mkumbuke na Tropicana. Mwaka 2009 walibadilisha maboksi ya juisi yao Marekani, lile chungwa lenye mrija likaondolewa. Mauzo yakashuka kwa asilimia 20 ndani ya miezi miwili hivi, wakarudisha boksi la zamani. Naamini ile dizaini ilipendeza ikitazamwa mezani. Dukani wanunuzi hawakulitambua boksi lao. Sisi wateja tunaiogopa hiyo hadithi, na mara nyingi tunapong'ang'ania vipande vya zamani, hofu ndiyo inayoongea.

---

Penseli_Kali

Nashukuru sana wakuu, sana. Nimewasomea wenzangu uzi huu wote kwa sauti. Yule aliyekuwa kimya ndiye wa tovuti, mwenye duara. Tuliposoma habari ya matone alifungua kompyuta akapima mwenyewe: ukingo wa nje wa samawati unapita, ndani haufiki hata 2 kwa 1. Akasema liondoke. Kisha akaongea mambo mengine mengi ambayo kumbe alikuwa nayo siku zote, likiwemo kwamba vibao vyetu tumeviweka juu mno kwa mtu anayeinamisha kichwa kukwepa mwanga.

Nimempigia mkurugenzi kumwomba tukutane kwanza kwa ajili ya vigezo tu, bila kuonyesha mchoro. Amekubali na ameongeza muuguzi wa mapokezi kwenye kikao.

Limebaki moja. Zile dizaini ambazo hazitatumika, ni za nani? Na mwenye kope anaweza kuiweka kwenye mkusanyo wa kazi zake?

---

Bi_Wino

Huyo muuguzi mmempata bure na ni dhahabu, msikilizeni kuliko wote, ndiye anayeulizwa mlango uko wapi kutwa nzima.

Kuhusu umiliki, tazama mkataba wenu unasemaje, maana sheria zinatofautiana na maneno yaliyosainiwa ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Mikataba ninayoandika mimi inasema mteja anapata haki za dizaini iliyochaguliwa akishakamilisha malipo, na zilizobaki ni mali ya timu. Kama wenu hauna kifungu hicho, ombeni kiongezwe sasa, kabla ya mwelekeo kuchaguliwa. Baada ya hapo mazungumzo huwa magumu.

Kope aiweke kwenye mkusanyo wake, ila baada ya kliniki kuzindua na kwa ruhusa yao ya maandishi, na aandike wazi kwamba ni pendekezo lililofanywa na timu wala halikutumika. Kwa ile itakayotumika, andikeni majina yote manne na kila mmoja alifanya nini: nani nembo, nani vibao, nani tovuti, nani usimamizi. Lako lisikosekane. Fanyeni orodha hiyo wiki hii, kila mtu aisome na kuikubali, kwa sababu kazi ikishasifiwa kumbukumbu za watu hubadilika.

Na suala la urefu wa vibao, msilimalize ofisini. Ombeni ruhusa ya kubandika karatasi kwenye korido ya kliniki kwa urefu mbili tofauti, simameni pembeni, mtazame wagonjwa wanaotoka chumba cha matone wanageukia upi. Daktari mkuu awepo aone mwenyewe.